Usinunue Mashine Iliyopashwa Moto Kabla Hujafika

Maneno haya niliyasema Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, mbele ya vijana wa kikundi cha akiba wanaotaka kuanza kazi ya kukata majani kwa mashine. Waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, wazee wetu, kina mama mliotuchemshia chai, nanyi vijana mlioegesha boda zenu hapo nje: asalaam alaikum, na Bwana asifiwe.

Nitasema kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotulea hapa Walukuba. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila upande. Uani kwetu walikaa Walugbara, Wasamia, Waganda na Wajaluo, wote wakigombea bomba moja la maji, na lugha ya kugombea ilikuwa hii. Hata ufundi nilifundishwa kwa Kiswahili, na mzee mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya soko na kopo la petroli, mswaki mkuukuu na spana saba. Mengi nitakayosema leo ni yake.

Katibu wenu ameniambia kwamba mna fedha za mashine mbili zilizotumika, na kwamba kuna mtu Kampala amekwisha kuwapigia simu. Ndiyo sababu nimefunga karakana leo nikaja. Fedha hizo najua zilikotoka. Ni elfu mbili mbili za kila Jumapili, za boda, za chapati, za kufua nguo za watu. Sitaki ziishie pale zilipoishia zangu.

Mwaka 2009 niliuza ndama, nikaongeza akiba ya mke wangu, nikapanda teksi kwenda Kampala na shilingi 450,000. Muuzaji alinipokea kwa heshima zote. Mashine ilikuwa imewekwa mbele, imefutwa vumbi, imepakwa rangi nyekundu mpya. Akavuta kamba mara moja, ikawaka. Akaizima, akaniambia nivute mwenyewe. Nikavuta mara moja, ikawaka. Nikalipa bila kuuliza zaidi, tukaifunga juu ya teksi, nikarudi nayo Jinja. Kesho yake alfajiri nilivuta kamba mpaka kiganja kikafanya malengelenge. Haikuitika. Nilipomimina petroli kidogo kwenye tundu la plagi ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mzee wangu alipoifungua tulikuta vali ya ekzosi imeungua ukingo, na silinda imelika hadi ukipitisha ukucha ndani unakwama. Mke wangu hakusema neno. Ukimya wake uliniuma kuliko fedha.

Ile mashine ilikuwa imepashwa moto kabla sijafika. Mkisahau mengine yote ya leo, hili mlishike. Injini ikiwa ya moto, petroli hugeuka mvuke upesi, kwa hiyo hata cheche dhaifu na kompresheni iliyopungua, yaani pistoni isiyobana hewa sawasawa, hutosha kuiwasha. Baridi ndiyo inayosema kweli. Asubuhi injini inadai kila kitu: choki (kile kifuniko cha kupunguza hewa) ifunge sawasawa, kabureta itoe mafuta, plagi irushe cheche yenye nguvu, pistoni ibane hewa. Kikikosekana kimoja inakataa, na kukataa kwake ni ushahidi kuliko maneno ya muuzaji.

Basi ukifika, msalimie mwenye mali, mwulize habari za nyumbani, na huku mkiongea peleka kiganja karibu na ekzosi, kisha gusa mapezi ya silinda. Ukikuta joto, usigombane. Mwambie utakunywa chai kwanza. Kaa saa nzima, hata mbili. Mwenye mashine nzima atakungoja. Asiye nayo ataanza kukuambia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Mwachie huyo mteja.

Ikishawaka ikiwa baridi, usiizime upesi. Iache ifanye kazi dakika 20, na ikiwezekana ndani ya majani yenyewe, kwa sababu mashine inayonguruma vizuri juu ya saruji yaweza kuzimika kwenye majani ya paspalamu yaliyonyeshewa usiku. Kisha izime, subiri dakika tano, uiwashe tena. Hapa sasa unatafuta ugonjwa wa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Koili inayokaribia kufa hufanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inakata cheche, ikipoa inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mafundi wengi wamebadilisha kabureta tatu wakitafuta ugonjwa uliokuwa kwenye koili. Kwa hiyo mashine hujaribiwa mara mbili, baridi na moto, na kati ya hapo tazama moshi. Moshi wa buluu unaoendelea baada ya injini kupata joto, kwenye mashine yenye oili yake peke yake isiyochanganywa na petroli, ni oili inayopanda kwenye pistoni. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni nafuu: choki iliyokwama au kichujio kilichoziba.

Na kichujio, ndugu zangu, nataka tukae nacho kidogo. Kama ningepewa dakika moja tu ya kukagua mashine, nisingeivuta kamba. Ningefungua kifuniko cha kichujio cha hewa. Mashine ya majani inafanya kazi chini kabisa, palipo na vumbi, na vumbi letu la murami, ule udongo mwekundu wa barabarani, kuanzia Desemba hadi Februari linaingia kila mahali. Lile vumbi ni mchanga wa kusagia chuma. Likipita kwenye kabureta likaingia kwenye silinda, linakula ringi na ukuta wa silinda kila pistoni inapopanda na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo ng'oa kichujio, ingiza kidole kwenye koo la kabureta, kitazame. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, injini hiyo imekuwa ikinywa mchanga. Ukikuta hakuna kichujio kabisa, au kuna kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kilichokatwa kwa mkasi, usijadili bei. Ondoka. Nimewahi kuona injini ya mwaka mmoja imezeeka kuliko ya miaka kumi, na sababu ilikuwa kichujio tu.

Oili inasema pia. Chomoa kijiti cha oili, paka tone juu ya ukucha, geukia jua. Nyeusi ni kawaida. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Yenye vimetameta kama vumbi la fedha ina chuma kilichosagika, na hiyo ni injini inayoelekea kunoki, yaani kufa.

Kwenye mashine za kusukuma kuna jambo ambalo wanunuzi hawalitazami kamwe, nalo ni krenki iliyopinda. Kisu kikigonga kisiki au jiwe kwa nguvu, shafti inayokibeba inaweza kupinda kidogo sana, na mashine ikaendelea kuwaka. Chomoa kwanza waya wa plagi, uweke mbali na plagi yenyewe. Inua mashine, upande wa kichujio cha hewa ukiwa juu, maana ukiulaza upande huo chini oili inamiminika kwenye kabureta na utakuwa umeharibu mali ya mtu. Mwombe mwenzako avute kamba polepole huku wewe umesimama kando ukiangalia bolti iliyo katikati ya kisu. Bolti ikizunguka imetulia mahali pamoja, vizuri. Ikichora duara, krenki imepinda. Usikubali kuambiwa kwamba wataigonga kwa nyundo inyooke.

Kompresheni unaweza kuijua bila kipimo. Mashine ndogo ya kufyekea ya begani, au msumeno wa mnyororo, ishike kwa mpini wa kamba yake ya kuwashia na uiache ining'inie, injini imezimwa. Nzima itashuka kwa mikato, ikisita kila pistoni inapobana hewa. Ikiporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, pistoni haibani kitu. Kwa injini nyingi za mashine za kusukuma jaribio hilo halifai, kwa sababu zina kifaa kinachofungua vali kidogo wakati wa kuwasha ili mkono usichoke. Hizo, ukishachomoa waya wa plagi, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa nguvu kinyumenyume: injini nzima itakurudisha kwa ghafla kama mpira.

Mashine ya begani inayotumia petroli iliyochanganywa na oili ina siri moja zaidi, nayo iko nyuma ya ekzosi. Fungua zile bolti mbili za ekzosi, toa ekzosi yenyewe, chungulia tunduni. Utaiona pistoni kwa macho yako. Ikiwa laini na inang'aa, heri. Ikiwa na michirizi ya wima kama iliyopigwa kwa msasa, kuna siku ilipewa petroli tupu isiyo na oili. Muuzaji akikataa usiguse bolti zile mbili, amekwisha kukujibu.

Sasa tuseme mashine imepita majaribio hayo yote. Bado usilipe. Nenda kwanza ukanunue plagi yake, na kamba yake, na kichujio chake. Maana yangu ni hii: zunguka mitaa ya Kampala, Ndeeba, Kisenyi na Katwe, rudi hapa mtaa wa spea Jinja, uone kama vitu hivyo vipo. Mashine nzuri isiyo na spea Uganda ni mzigo wa chuma. Kuna injini zilizoenea hadi watu wanazitambua kwa kuzigusa. Honda GX160, kwa mfano, ina sentimita za ujazo 163 na pistoni ya milimita 68, na viwanda vya China vimeiiga sana kwa injini wanayoiita 168F, hivi kwamba pistoni, gasketi, kabureta na kamba nyingi huingiliana. Ukiikuta injini ya aina hiyo kwenye pampu ya maji au mashine yoyote, unajua spea hutazikosa. Lakini ukiletewa mashine ya ajabu kutoka ng'ambo yenye jina ambalo hata fundi wa Katwe analisoma mara mbili, iache hata ikiwa ya bei ya bure.

Hizi za Marekani zenye injini ya Briggs & Stratton zipo pia, zikija kwenye makontena kupitia Mombasa na Malaba. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1908 kule Milwaukee, na injini zake za zamani ni za kuaminika. Zina faida moja ninayoipenda: umri wake umeandikwa. Tafuta namba zilizogongwa kwenye bati juu ya injini. Kuna namba ya modeli, ya aina, na ya kodi (si ya ushuru, ni ile Waingereza wanaita code). Kodi inaanza na mwaka, mwezi na siku. Ikisomeka 980526 na tarakimu nyingine baada yake, injini ilitengenezwa tarehe 26 Mei 1998. Muuzaji akisema ni ya juzi, msomee. Ila jueni kwamba nati zake ni za inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi kwa kulegea, na mwisho utaing'ofoa kona. Nunueni seti ndogo ya inchi, mtaitumia miaka yote.

Nami nitoe onyo dogo pembeni, kwa sababu muuzaji wa mashine za majani mara nyingi ana na jenereta. Jenereta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutoa volti 120 kwa hezi 60. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Injini yake inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikufae nyumbani. Soma kibandiko chake.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Mashine nyingi huibiwa kwenye mashule, makanisa na hoteli za kando ya mto, kisha zinauzwa haraka jioni. Anayenunua mali ya wizi naye anaweza kushtakiwa. Andikeni makubaliano, yawe na namba ya injini, sahihi za mashahidi na mhuri wa mwenyekiti wa LC1 wa pale anapokaa muuzaji. Mtu wa haki hachukii mhuri. Na ikiwa mtanunua msumeno wa mnyororo, jueni mti mnaoukata ni wa nani. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 hairuhusu kukata miti kwenye hifadhi bila leseni.

Nimesema sana juu ya kuogopa. Sasa niseme juu ya kutumaini, kwa maana kuna mashine zinazotupwa huku ni nzima.

Miaka michache iliyopita niliitwa shule moja huku upande wa Bugembe kuja kutazama paa la jiko. Nyuma ya jiko, chini ya kuni, nilikuta mashine ya majani imelala, kuku ametagia kando yake. Mhasibu akaniambia ilikufa tangu likizo ya Desemba, fundi mmoja amekwisha kuwaandikia bei ya injini mpya. Nikaiomba niitazame. Tangini mlikuwa na petroli iliyogeuka rangi ya mirinda, yenye harufu ya rangi ya kuta. Mlinzi alikuwa amekata majani nayo, akaizima, akaondoka zake likizo na petroli imo ndani. Petroli ikikaa miezi, sehemu zake nyepesi huruka hewani, na inayobaki hugeuka utomvu. Utomvu huo unaziba jeti, kile kitundu chembamba sana cha kwenye kabureta. Nilimwaga tangi, nikafungua kikombe cha kabureta, nikaitoa jeti, nikaisafisha kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa redio. Sikutumia sindano wala waya wa chuma, kwa sababu jeti ni ya shaba nyeupe laini, na chuma kingekipanua kitundu. Kikishapanuka, mashine itakunywa petroli maisha yake yote. Nikarudisha, nikatia petroli mpya, nikavuta mara tatu. Ikawaka. Yai lilikuwa bado liko pale.

Shule ile ilikuwa karibu kulipa injini nzima kwa ajili ya uchafu wa kitundu kimoja. Ndiyo maana nasema kwa uchungu: kijana anayejua kabureta anaokoa fedha za karo za watoto wa watu.

Basi mashine ikikataa kuwaka, fuateni njia ya mzee wangu. Alikuwa akisema, usifungue injini kabla hujauliza maswali matatu. Kuna petroli nzuri? Kuna cheche? Kuna hewa? Petroli, imwage ya zamani, usiichunguze, imwage. Hata ile ya kwenye chupa za barabarani siiamini. Serikali inapima mafuta ya vituo, lakini chupa ya kando ya barabara haina anayeipima, na wengine huchanganya na mafuta ya taa. Cheche, chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli, na mwenzako avute kamba. Unataka cheche ya buluu inayosikika. Ikiwa plagi ni nyeusi na imelowa, ikaushe na uisafishe. Nafasi ya plagi kwenye Honda nilizozitaja ni milimita 0.7 hadi 0.8, na kwenye misumeno mingi ya kampuni ya Stihl ni milimita 0.5. Petroli ikiwapo, cheche ikiwapo, na bado imenyamaza, tia petroli kama kijiko cha chai kwenye tundu la plagi, funga, vuta. Ikiwaka sekunde mbili na kufa, shida iko kwenye kabureta. Isipowaka kabisa na cheche ipo, fikiria flaiwili.

Flaiwili ina ufunguo. Ni kipande kidogo cha chuma laini, kama kijiti cha kiberiti kilichokatwa nusu, kilicholala kwenye mfereji kati ya flaiwili na krenki. Kwenye injini nyingi za mashine za kusukuma, kisu kinapogonga jiwe, kipande hiki hukatika ili krenki ipone. Kikikatika, au kikihama hata milimita moja, cheche huja wakati usio wake, na mashine inakataa au inakupiga kamba mkononi. Mahali hapa nimeona mafundi wakiweka kipande cha msumari. Tafadhali, msifanye hivyo. Ukiweka chuma kigumu, jiwe linalofuata halitakata ufunguo, litapinda krenki. Umemwokolea mteja elfu chache, umemuulia mashine.

Mashine ya begani ina mtego mwingine. Nati inayoshika kisu chake kwenye giaboksi imegeuzwa: inafunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine zote hufungwa. Kijana asiyejua huikaza akidhani anafungua, akaongeza bomba kwenye spana, akavunja giaboksi. Klachi ya msumeno wa mnyororo ni hivyo hivyo.

Na kuhusu kuchanganya oili: nimechoka kuona watu wakipima kwa kifuniko cha soda. Nendeni duka la dawa, nunueni bomba la sindano la mililita 20. Mashine inayotaka 50 kwa 1 ni bomba moja kwa kila lita ya petroli. Inayotaka 25 kwa 1 ni mabomba mawili. Stihl wenyewe wanaandika kwamba kwa oili yao nzuri ni 50 kwa 1, na kwa oili nyingine za injini za aina hiyo ni 25 kwa 1. Kama hujui oili uliyonayo, tia mabomba mawili. Moshi kidogo ni nafuu kuliko pistoni. Ukiacha msumeno, ambao mfuniko wake wa oili ni wa mnyororo, ukiikuta mashine yenye mfuniko wa oili pembeni ya injini, hiyo haichanganyiwi, ina oili yake tumboni. Ibadilishieni mara tu mnaponunua, maana hamjui aliyewatangulia alitia nini, na baadaye msivuke saa 100. Kama kazi ni ya vumbi, mimi hubadilisha baada ya 50.

Kuna jambo la heshima nataka kulisema mbele ya wazee. Fundi akibadilisha kitu, amrudishie mteja kile cha zamani mkononi, hata kama ni plagi iliyoungua. Mimi hufunga kwenye karatasi na kumpa. Nilianza kufanya hivyo kwa sababu mwaka ule wa 2009, kabla sijaikata tamaa ile mashine nyekundu, nilimlipa fundi mmoja mbali na hapa abadilishe ringi, na nilipofungua baadaye nikakuta ringi zile zile zimeoshwa. Kikundi chenu kitakuwa na jina. Jina hilo litatembea kutoka lango moja kwenda lingine kabla yenu.

Usalama sitaufanya mrefu, lakini sitauruka. Waya wa plagi utoke kabla mkono haujaenda kwenye kisu, kila mara, hata kama mnasafisha majani tu. Watu na watoto wakae mita 15 mbali na mashine ya begani, kwa sababu jiwe dogo linaloruka kutoka kwenye kisu halichagui jicho. Vaeni miwani, na buti, si kandambili. Msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa mkijaribu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inalaza mtu na haamki. Petroli ibebwe kwenye jerikeni, si kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na isinyonywe kwa mdomo.

Huko California injini ndogo mpya za petroli za bustani zimezuiwa kuanzia zile za mwaka 2024, watu wanahamia betri. Ni jambo jema kwa mapafu yao. Sisi tutakaa na petroli miaka mingi bado, na majani ya Jinja hayangoji, mvua ya Machi ikipita inakuja ya Septemba. Kazi ipo. Nataka muipate mkiwa na mashine inayowaka alfajiri.

Maswali mengine mtaniuliza mikono ikiwa na grisi. Nimeleta mashine tatu, ziko chini ya mwembe, sijaziwasha tangu juzi. Moja ni nzima. Moja imeziba kabureta. Moja ningeipeleka kwa wauza chuma chakavu. Sitawaambia ipi ni ipi. Mtaamua wenyewe kabla ya adhuhuri, na mtanieleza kwa sababu gani. Dada uliyekaa karibu na mlango, wewe uliyeuliza habari za koili, njoo uanze: weka kiganja kwenye ekzosi.